Mteja Amesimama Kaunta, Mfumo Unasema Hayumo

Duka moja la leso pale Biashara Street lilituita sisi mafundi wa mifumo kwa shida hii: keshia akiandika namba ya simu ya mteja ili aone deni lake, mfumo unatoa kosa. Mwenye duka alishaamini data imepotea. Haikupotea hata mstari mmoja.

Mfumo wake umeandikwa kwa Python, lugha ya programu, na kati yake na hifadhidata kuna ORM, mkalimani anayegeuza msimbo wa Python kuwa SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata. ORM iliyotumika hapo ni SQLAlchemy. Safu ya simu kwenye jedwali ni ya maandishi, lakini fomu ya keshia ilikuwa ikigeuza alichoandika kuwa namba kabla ya kuchuja. 0712 na kuendelea ikawa 712, sifuri ikaanguka njiani. Kwa muda mrefu hakuna aliyejua, maana MySQL, hifadhidata yao ya wakati huo, ikiambiwa ilinganishe maandishi na namba, huyafanya maandishi nayo kuwa namba, ikaona ni sawa. Kisha wakahamia hifadhidata nyingine, PostgreSQL. Hii haina upole huo: tangu toleo la 8.3, la mwaka 2008, haigeuzi namba kuwa maandishi kimyakimya. Inakataa, na keshia anabaki akitazama maandishi mekundu.

Fundi aliyetangulia aliona njia ya mkato, akaifanya safu yenyewe kuwa ya namba kamili. Kosa likatoweka. Sifuri za wateja wote zikatoweka nalo, na wateja wapya walioandikishwa kwa 254, msimbo wa simu wa Kenya, wakakataliwa kabisa, kwa sababu safu ya kawaida ya namba kamili mwisho wake ni 2,147,483,647, na namba ya simu inayoanza na 254 ina tarakimu kumi na mbili. Simu huitwa namba lakini si namba. Nani amewahi kujumlisha namba mbili za simu?

Tulirudisha safu kuwa ya maandishi, tukaandika simu zote kwa umbo moja, 254 na tarakimu tisa, na usafi tukauweka mlangoni: fomu inaondoa nafasi na alama ya kujumlisha, inabadilisha sifuri ya mwanzo, ndipo ORM inapewa.

Wengine hutuuliza kwa nini tusigeuze aina ya data ndani ya swali lenyewe la SQL. Inawezekana, na kwa jedwali dogo hutasikia tofauti. Lakini ukiigeuza safu ndani ya kichujio, faharasa yake ya kawaida, ile inayoisaidia hifadhidata kuupata mstari haraka, haitumiki tena, na hifadhidata inaanza kusoma jedwali lote kumtafuta mtu mmoja.

Kwa Django, zana nyingine ya Python yenye ORM yake, tunaogopa zaidi, kwa sababu hapo kosa hilihili halipigi kelele. Ukiipa herufi kwenye safu ya namba italalamika. Ukiipa namba kwenye safu ya maandishi, inaigeuza yenyewe kuwa maandishi, inatafuta 712 isiyo na sifuri, inarudi mikono mitupu. Hakuna kosa lolote, ni orodha tupu tu.

Tarehe nazo zina vituko vyake. Kumi la mwisho la Ramadhani maduka hufungwa usiku wa manane. Leso iliyouzwa saa saba usiku, kwa saa za UTC, saa za kimataifa, ni saa nne usiku wa siku iliyotangulia, kwa kuwa sisi tuko mbele kwa saa tatu. Mfumo usipowekewa saa za hapa, Africa/Nairobi, hesabu ya siku haitalingana na droo.

Ukituletea mfumo, leta ujumbe wa kosa wote, usiukate: SQLAlchemy huandika SQL na thamani ilizopewa chini ya kosa, na mara nyingi jibu liko hapo. Leta pia jina na toleo la hifadhidata, na nakala ya akiba, hatugusi safu bila hiyo. Na kama hakuna kosa lakini keshia anasema mteja hayumo, na mteja mwenyewe amesimama mbele yake na risiti mkononi, hilo nalo tuambie.