Safari ya Arusha: angalia tiketi, unashukia KIA au Kisongo?

Habari za jioni wanandugu. Poleni na foleni za leo.

Tiketi za harusi ya Ijumaa zimekatwa kwenye mashirika tofauti, kwa hiyo hatutui wote sehemu moja. Tazama tiketi yako: JRO ni KIA, yaani uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro, ARK ni uwanja wa Arusha, ule wa Kisongo. Msidhani vimepakana! KIA uko upande wa Moshi, kama kilomita 50 kabla ya mjini. Kisongo uko njia ya Dodoma, ukishaupita mji. Kutoka kimoja hadi kingine ni karibu kilomita 60. Barabara ikiwa nyeupe ni saa moja na kidogo, ila mkikuta malori Usa River na foleni Tengeru, hesabuni hata saa mbili. Ile ya "nisubiri hapo nje, nakuja" safari hii haipo.

1. Wa KIA: Kosta itaondoka uwanjani saa 5:00 asubuhi. Mchango sh. 15,000 kila mtu, umfikie mweka hazina kabla ya Jumatano jioni.
2. Wa Kisongo: chukueni teksi, mjini ni karibu. Hamchangii Kosta.
3. Sare za kina mama zote zinakuja na mizigo ya KIA.

Naomba kila mmoja aandike hapa leo kabla ya kulala: jina, uwanja na saa ya kutua. Mama mdogo wa Mbagala, wewe na watoto nimeshawaona, ni KIA.