Barua kwa mwanangu: nimekwenda mkutanoni

Mwanangu Karisa,

Nimekwenda kwenye ule mkutano wa maoni juu ya muhogo uliobadilishwa jeni, usiseme tena mamako hashiki maneno. Nilijifunga leso mpya na kwenye kikapu nikatia muhogo mmoja wa shamba la chini, wa aina yetu ya Kibandameno. Kwa nje mnene, umenyooka. Nikaukata mbele ya yule mtaalamu: ndani una madoa ya kahawia mpaka kwenye moyo, mkavu kama kizibo. Akasema, "Mama, hii ndiyo michirizi ya kahawia, ugonjwa wa kirusi." Nikamwambia twaijua, imetulaza njaa. Nimekuja kusikia dawa.

Dawa aliieleza vyema, haki yake nimpe. Kipande cha jeni za kirusi chenyewe chatiwa ndani ya muhogo, ili mmea ukitambue kirusi na kukizuia. Karibu na chanjo, akasema. Maswali yakaanza: tutazaa? Na wale panya wa Ufaransa waliolishwa mahindi yaliyobadilishwa jeni wakaota uvimbe? Akajibu kwamba utafiti ule jarida lililouchapisha liliufuta mwaka 2013. Mimi nikawaza, kumbe ufutwe 2013, na marufuku ya 2012 ya vyakula hivyo hapa kwetu ikae hadi Oktoba 2022! Hofu ikishaingia nyumbani haijui njia ya kutoka.

Zamu yangu ikafika. Sikuuliza habari za tumbo. Muhogo haupandwi kwa mbegu, wewe wajua. Twakata kijiti, twakichomeka. Vijiti vyangu nilipewa na nyanyako siku nilipoolewa, kwa hiyo ninaokula leo ndio ule ule aliokula yeye. Ulipokuja na habari za Dolly, yule kondoo wa Uskoti wa 1996 aliyetengenezwa nakala ya kondoo mwingine, kwamba walijaribu mayai 277 wakapata mmoja, nilicheka. Sisi kloni, yaani nakala hizo, twazifanya kwa panga. Hata Tumaini, yule fahali wa Boran waliyemtoa kwa kloni huko Nairobi mwaka 2012 wakitafuta ng'ombe asiyeuawa na nagana, ule ugonjwa wa mbung'o, hakunitisha.

Nilichouliza ni hiki: Mama Kadzo akija kuniomba vijiti vya muhogo huo mpya, nimpe? Ni vyangu kweli kumpa? Na sote tukihamia huo mmoja, Kibandameno atautunza nani? Mtaalamu akanijibu kwamba ni salama kuliwa. Nikauliza tena, polepole, labda Kiswahili changu cha shamba hakumfikia. Akarudia: ni salama kuliwa.

Kisha tukapewa fomu, ya Kiingereza. Ina kijisanduku cha ndiyo na kijisanduku cha hapana. Kijana mmoja akanitafsiria. Nilitafuta pa kuandika swali langu, hapakuwa na pahali, nikaliandika pembeni, wima, mpaka wino ukaisha. Ulinisomea kifungu cha 10 cha Katiba, kwamba wananchi washirikishwe. Basi siku moja wewe ndiwe utakayeshika kipaza sauti pale mbele, na mbele yako atakaa mama mwenye kikapu.

Ukija Desemba pitia kituo cha utafiti cha Mtwapa, walikoujaribu muhogo huo, uwaulize kwa niaba yangu. Vijiti vya Kibandameno vinavyoonekana vizima nimevilaza chini ya mwembe. Nilikokata, majani ya chini hayakuwa na unjano wa ugonjwa, lakini macho yangu siyaamini siku hizi. Uje uyatazame mashina yenyewe kabla sijampa mtu.

Mamako