Vifaa vya kufumua injini Jumamosi

Wakuu, habari za jioni. Jumamosi tunaanza kufumua ile injini ya 1NZ ya Toyota IST, kwa hiyo tujue mapema nani ana nini. Spana na soketi za 10, 12 na 14 zipo za kumwaga, msilete tena. Kinachokosekana ni toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), na isiwe ile iliyokwisha kufanywa nyundo. Boliti za hedi (sehemu ya juu inayofunika silinda) hukazwa kwanza kwa kipimo, kisha huzungushwa nyuzi 90 (robo mzunguko), halafu 90 nyingine. Ukikaza kwa kukisia, gasketi inayoziba chini ya hedi inavuja. Kuzifungua boliti hizo kunataka biti ya milimita 8 yenye pembe 12. Ukilazimisha aleni ya kawaida ya pembe sita utakula meno ya boliti, na hapo ndipo siku inapoharibika.

Mwenye fila geji (vibamba vya kupimia nafasi ndogo) au kibanio cha ringi za pistoni aseme leo. Winchi ya kunyanyulia injini tutakodi, mchango nitautaja kesho.

Leteni pia makopo matupu na maka peni. Kila kofia ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenkishafti) lazima irudi kwenye konrodi yake na ielekee upande uleule, kwa hiyo tunaweka alama kabla ya kufungua.

Atakayekuja na kandambili atashika tochi tu.