Risala ya Waganga na Wauguzi wa Tiba ya Maumivu kwa Mgeni Rasmi, Lubumbashi

Mheshimiwa Mama Mbunge wa Jimbo la Katanga ya Juu na Mgeni wetu Rasmi, wawakilishi wa Chuo Kikuu, waganga wakuu wa zoni za afya, wanachama wenzetu, kila mmoja kwa cheo chake na heshima yake,

Tunakushukuru kwa kuukubali mwaliko wetu, na zaidi kwa kufika wewe mwenyewe. Tumezoea kuletewa wawakilishi, na kuna mwaka ambapo salamu za mgeni rasmi zililetwa na dereva wa mwakilishi. Kwa hiyo uwepo wako leo, Mama, tayari ni hatua.

Historia ya chama chetu ni ndefu na tukufu, lakini muda ni mfupi. Kilizaliwa chini ya mwembe nyuma ya wodi ya upasuaji, kikakua, kikapata mhuri, na leo kinaunganisha waganga, wauguzi na wafamasia wanaoshughulika na maumivu ya wagonjwa wa jiji hili.

Mafanikio ni mengi. Tumeandaa mkutano wa kimataifa kuhusu maumivu, uliohudhuriwa na wenzetu wa hapa na mwenzetu mmoja aliyevuka mpaka wa Kasumbalesa kutoka Ndola, Zambia. Tumefungua maktaba ya kitaalamu, ambayo kwa sasa imo ndani ya kabati la chumba cha wauguzi wa zamu. Tumewafundisha wauguzi wa komini za jiji, Katuba, Kenya na Ruashi, kumuuliza kila mgonjwa anaumia kiasi gani, na kuliandika jibu lake. Hili la mwisho linaonekana dogo, lakini ndilo lililotufikisha kwenye ombi letu la leo.

Ombi ni moja: fedha za utafiti wa maumivu. Hatuombi gari. Hatuombi hata viti, ingawa umejionea tulivyokaa.

Mheshimiwa, mtoto mwenye ugonjwa wa SS, yaani selimundu, anapoletwa usiku mifupa ikimuuma, tunamwonyesha karatasi yenye nyuso sita, kuanzia anayecheka mpaka anayelia, ili aguse uso unaolingana na maumivu yake. Karatasi yetu ni fotokopi ya fotokopi. Midomo imefutika, na sasa anayecheka na anayelia ni mapacha. Mtoto anaitazama, anatutazama sisi, kisha anaweka kiganja kizima juu ya nyuso zote. Muuguzi anaandika 10 katika daftari alilonunua kwa pesa yake mwenyewe. Anampa parasetamoli, na tramadoli ikiwa familia imepata ya kununulia, na mama anambeba mgongoni akizunguka naye kwenye koridoo hadi kunapambazuka. Mofini, ambayo ndiyo dawa ya maumivu ya kiwango hicho, hatuna.

Nigeria, India na Kongo yetu ndizo nchi tatu ambako huzaliwa watoto wengi zaidi wenye ugonjwa huo. Na si wao tu. Kuna mama wa saratani ya mlango wa kizazi, kuna aliyetoka kupasuliwa, kuna mchimbaji aliyeangukiwa na udongo shimoni. Mwaka 2017 tume ya jarida la Lancet ilionyesha kwamba katika tani 298.5 za mofini na dawa za jamii yake zinazogawanywa duniani kwa mwaka, nchi zenye kipato cha chini zote kwa pamoja hupata tani 0.1. Sababu si bei. Mofini ya unga ikichanganywa na maji ni dawa rahisi. Uganda, jirani zetu, wanaitengeneza, na tangu 2004 wanawaruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo kuwaandikia wagonjwa.

Shida iko kwenye hesabu. Kwa Mkataba wa kimataifa wa 1961 kuhusu dawa za kulevya, kila nchi hupeleka Vienna, kwenye Bodi ya Kimataifa ya Udhibiti wa Dawa za Kulevya, makadirio ya mofini itakayohitaji mwaka unaofuata. Njia nyepesi ya kukadiria ni kutazama kiasi kilichotumika miaka iliyopita. Sasa hospitali ambayo haikuwa na mofini ilitumia kiasi gani? Sifuri. Sifuri hiyo inapanda Kinshasa, inaungana na sifuri za wenzetu, na mwaka unaofuata inaturudia ilivyo. Njia ya pili inayokubalika ni kuhesabu wagonjwa wenye maumivu makali na kukadiria kutokana nao. Hiyo ndiyo inayohitaji utafiti. Tena nchi inaruhusiwa kupeleka makadirio ya nyongeza wakati wowote wa mwaka, kwa hiyo hakuna anayeweza kutuambia kwamba tumechelewa.

Wapo wanaosema utafiti tuwaachie Wazungu. Kwa heshima zote, utafiti wa dawa ya hidroksiurea kwa watoto wenye SS, uliochapishwa 2019, ulifanyika Angola, nchi ya Kenya, Uganda na Kinshasa yetu, na Profesa Léon Tshilolo akiwa miongoni mwa waliouongoza. Vipindi vya maumivu vilishuka kutoka 98.3 hadi 44.6 kwa kila watoto 100 kwa mwaka. Kumbe Mkongo naye anaweza kutafiti maumivu ya Mkongo, akiwezeshwa.

Mheshimiwa, ombi hili si geni. Mgeni rasmi mmoja aliyewahi kukalia kiti hicho alitamka kwamba "jambo hilo limekwisha", tukapiga makofi hadi mlinzi wa lango akaja kuuliza kuna nini. Mwingine alitaka tuandike mradi; tukaandika. Akataka tuufupishe, tukaufupisha. Akataka tuutafsiri kwa Kifaransa. Ulikuwa kwa Kifaransa. Barua zetu za kukumbusha, zenye mhuri wa mapokezi, tumezibana nyuma ya risala hii. Si kwa ubaya, ni kwa kumbukumbu tu.

Wala tusiambiwe kwamba jimbo halina kitu. Kwa sheria ya madini iliyorekebishwa 2018, asilimia 25 ya mrabaha wa madini ni ya jimbo, na kobalti, tangu itangazwe kuwa madini ya kimkakati, hulipiwa mrabaha wa asilimia 10. Malori yake tunayapisha kila siku kwenye barabara ya Kasumbalesa, na vumbi lake tunalivuta bila malipo.

Tunaomba mstari mmoja katika bajeti ya jimbo: dola 24,000 kwa miezi kumi na minane. Zitalipa wauguzi wa kuwahesabu na kuwahoji wagonjwa katika komini zote saba za Lubumbashi, usafiri wao, kamati ya maadili, mtakwimu mmoja wa Chuo Kikuu, na karatasi mpya za nyuso, zenye midomo. Matokeo tutayakabidhi kwa mamlaka ya taifa ili yaingie katika makadirio ya Vienna, na nakala utapata wewe kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kikao cha bajeti kinafunguliwa Septemba. Mezani mbele yako, Mama Mheshimiwa, kuna daftari la wageni. Safu ya kwanza ni jina, ya pili ni cheo, na mwaka huu kamati imeongeza ya tatu: ahadi na tarehe yake. Kalamu ipo, tumeijaribu. Ukishamaliza kuandika, bukari na samaki vitaletwa.

Ni sisi, Kamati ya Chama.
Imesomwa na Katibu.