Likizo ya uzazi ihesabiwe kwa wiki

Mhariri,

Mjadala wa likizo ya uzazi kwa watumishi wa serikali hapa Uganda huishia kwenye swali moja tu: siku ziongezwe au zisiongezwe? Ziongezwe. Lakini hata hizo zilizopo hupotelea kwenye hesabu.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mama siku 60 za kazi kwa mshahara kamili, awe amejifungua salama au mimba imeharibika, na wiki zisizopungua nne kati ya hizo lazima ziwe baada ya tukio lenyewe. Kwa karani anayefanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, hizo ni wiki 12. Kwa mkunga anayepangiwa zamu siku sita kwa wiki, ni wiki 10. Na barua ya ruhusa ikiandikwa "siku 60" tu, kisha mtu akahesabu Jumamosi na Jumapili humo humo, mama anaitwa kazini baada ya wiki nane na nusu.

Halafu kuna sikukuu. Anayeanza likizo mwanzoni mwa Desemba hupitia Krismasi na siku inayoifuata, Mwaka Mpya, 26 Januari na 16 Februari. Kila moja ikiangukia siku ya kazi inasogeza mbele tarehe ya kurudi. Anayeanza katikati ya Juni hana sikukuu ya tarehe maalumu mpaka 9 Oktoba. Nani hupanga mimba kwa kalenda ya taifa?

Kwa sasa mama ajilinde kwa maandishi. Atoe taarifa angalau siku saba kabla, aambatanishe barua ya mkunga au daktari, na ahakikishe barua ya ruhusa inataja tarehe ya kuanza na tarehe ya kurudi. Nakala abaki nayo nyumbani. Asianze mapema bila ushauri wa kitabibu: akitoka wiki tatu kabla ya tarehe ya makadirio na mtoto akachelewa wiki moja, wiki nne zimekwisha mtoto hajazaliwa.

Wenzetu wa Tanzania huhesabu siku 84 mfululizo, na 100 kwa mama wa pacha. Kenya ni miezi mitatu. Hapo hakuna ubishi wa Jumamosi. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka wiki zisizopungua 14. Sisi tuandike wiki 14, na tuongeze nyingine kwa pacha na kwa mtoto njiti. Njiti aliyezaliwa wiki nane kabla ya wakati anaweza kulazwa wodini mwezi mzima au zaidi, na muda wote huo likizo ya mama inaliwa.

Baba hupata siku nne za kazi kwa mwaka, tena mara tu mke anapojifungua. Mke akipasuliwa Jumatatu, huenda akaruhusiwa Alhamisi au Ijumaa. Yaani baba anamaliza likizo kwenye benchi la hospitali, na mama anafika nyumbani na mshono mbichi wakati msaidizi wake anarudi ofisini. Siku 10 za kazi, ambazo baba anaweza kuzigawa ndani ya miezi miwili ya mwanzo, zingefaa zaidi.

Watauliza fedha zitoke wapi. Mshahara wa mama aliye likizo tayari umo kwenye bajeti. Angekuwepo kazini angelipwa uleule. Gharama mpya ni ya mtu wa kushika nafasi yake. Kwa kazi nyingi za ofisini wenzake hugawana mafaili na hakuna shilingi inayoongezeka. Kwa mwalimu mwenye darasa la watoto 80, au kituo cha afya chenye wakunga wawili, haiwezekani: anayebaki hukesha zamu za wote wawili, na ndiye anayeanza kumnunia mwenzake. Wizara ya Utumishi wa Umma ianze na madarasa na wodi, kila wilaya ipewe fungu la kuwalipa walimu na wakunga wa muda, na fungu hilo lipangwe kabla mwaka wa fedha haujaanza Julai. Taarifa ya siku saba haitoshi kumtafuta mtu Karamoja, kule mbali kaskazini-mashariki mwa nchi.

Msomaji wako,
Mbale