Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Sensa ya 1910 na Mti wa Ukoo

Ndugu wanachama,

Mwaka huu tumejitolea kwenye sensa ya Marekani ya 1910, tukiambatisha familia za Wamarekani weusi kwenye mti wa ukoo wa pamoja wa FamilySearch, tovuti ya kutafuta nasaba. Sensa ya 1890 karibu yote ilipotea kwa sababu ya moto wa 1921 mjini Washington, kwa hiyo mtoto aliyezaliwa 1881 akafa 1895 kwa kawaida hayumo katika sensa yoyote ya taifa iliyobaki. Anayemdokeza ni mama yake: mwaka 1910 karani aliandika amezaa wangapi na walio hai ni wangapi. Mama akiwa amezaa 9 na walio hai ni 6, na mti una wanne tu walio hai, basi tunatafuta wawili waliohama nyumbani na marehemu watatu. Safu hizo mbili msiziruke.

Makosa mengi tuliyorekebisha yametokana na kuamini faharasa, yaani orodha ya majina ya kutafutia, bila kufungua picha ya ukurasa wenyewe wa sensa. Ukurasa una mistari 50. Kaya ikianzia mstari wa 48, watoto huangukia ukurasa unaofuata, na faharasa huweza kuwatenga na wazazi wao au kuwapa jina la ukoo lisilo lao. Kaya ikiwa juu kabisa au chini kabisa, angalia na picha ya ukurasa wa jirani.

Kosa la pili ni zito zaidi. Uhusiano huandikwa kwa mkuu wa kaya, si kwa mkewe. Mume akiwa M2, yaani ndoa ya pili au zaidi, ndoa ina miaka 5, na kuna binti wa miaka 11, mwambatisheni binti kwa baba peke yake. Kumpa mama wa kambo uzazi ni kosa ambalo wengine watalinakili kwa miaka.

Kabla ya kuongeza mtu mpya, tafuteni kwanza kama yumo tayari. Linganisheni sensa ya 1900 na ya 1920: jina na umri havitoshi, nataka angalau wanakaya wengine wawili wanaofanana, pamoja na jimbo walikozaliwa wazazi. Umri wa 40 au 50 kamili mara nyingi ni wa kukisia. Jina la ukoo la mwanamke alilozaliwa nalo lisipojulikana, acheni wazi. Msiweke la mumewe. Kisha andikeni sababu ya kumwambatisha mtu, sentensi moja inayoeleweka. “Inafanana” si sababu.

Kuunganisha kurasa mbili za mtu mmoja kwenye mti kusifanywe bila mwanachama wa pili kukagua. Najua kunachelewesha.

Mwaka ujao tunaingia 1920. Siku ya hesabu ilikuwa 15 Aprili mwaka 1910, lakini 1 Januari mwaka 1920, hivyo aliyezaliwa Machi ataonekana kaongeza miaka 9 tu. Na safu za watoto wa mama hazimo tena. Zimalizeni kwenye 1910 kabla hamjahama.