Mishono milioni 1.7

Mwanaasha shoga yangu,

Habari za Tanga, na kazi ya cherehani inaendaje? Huku wote wazima. Siku hizi watoto wakishalala sifungui tamthilia tena, naangalia video za mafundi wa makumbusho wanaohudumia nguo za kale, na wewe ndo wa kwanza kunijia akilini maana ni fundi, utaelewa haraka.

Inayonishika zaidi ni ile bendera ya Marekani iliyopepea kwenye ngome ya McHenry kule Baltimore mwaka 1814, ndo iliyofanya wimbo wao wa taifa utungwe. Aliishona mama mmoja, Mary Pickersgill, kwa sufu, nyota zake za pamba. Ilikuwa na urefu wa karibu mita 13, sasa imebaki kama 10, maana wenye nayo walikuwa wanakata vipande wanawapa watu ukumbusho, mpaka nyota moja nzima haipo. Mwaka 1914 fundi mwingine, Amelia Fowler, na wanawake wenzake wakaitia bitana ya kitani, wakaishika kwa mkono na mishono kama milioni 1.7, bendera nzima imefunikwa wavu wa uzi. Halafu 1999 pale makumbusho ya Smithsonian, Washington, ikaamuliwa wavu wote ufumuliwe. Wote shoga, kwa mkasi!

Walitenga chumba chenye ukuta wa kioo ili watu wapite waangalie. Bendera imelazwa, juu yake kuna daraja linalosogezwa, na mafundi wamelala kifudifudi kwenye hilo daraja uso karibu uguse sufu, wanakata uzi, wanauchomoa taratibu, wanahamia wa pili. Bitana ilipotoka ukaonekana upande uliokuwa umefichwa miaka mingi, na rangi zake bado zimekolea! Wakaja na sponji kavu kama zile za kupakia poda, wanagusa tu hawasugui, na uchafu unahamia kwenye sponji.

Kinachonituliza mimi nadhani ni kwamba hakuna wa kuwaharakisha, hamna mteja mlangoni anaulizia nguo yake ya Idi. Na hawataki kuifanya mpya. Nyota iliyokatwa hawakuibandika nyingine, pengo wameliacha, walichoongeza nyuma ni kitambaa chepesi cha poliesta cha kuishikilia, wakailaza kwenye mwanga hafifu basi. Nikiangalia mwili wote unalegea, usingizi unakuja wenyewe.

Sasa naomba, lile joho la babu yako lililoko sandukuni usilikunje tena palepale siku zote, mkunjo ukirudiwa unakata nyuzi. Kwenye mikunjo weka kitambaa cha pamba ulichokiviringisha, kisha lifunge na shuka safi jeupe, na jua lisilifikie. Ukilifungua nipigie picha ya zile nyuzi za shingoni, karibu kabisa, nataka kuona zilivyopitishwa.

Wasalimie nyumbani, na mama mpe shikamoo yangu.

Rehema